Kadi Mkononi, Dawa Dirishani: Daftari la Safari ya Igunga, Kayonza na Kisumu

Igunga, wiki ya tatu ya Juni 2025

Mama yangu huweka karatasi zake muhimu kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mna kitambulisho cha taifa, stakabadhi za pamba za misimu iliyopita, na kadi ya CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo muda wake uliisha miaka miwili iliyopita. Jioni ya kuamkia safari nilimuuliza kwa nini hakuilipia tena. Alijibu kwa sauti ya kawaida tu: "Mwanangu, nililipia dawa, nikapewa karatasi."

Kijijini kwetu maneno hayo hayahitaji maelezo. Unapanga foleni zahanati, unaonana na mganga, unapimwa, unaandikiwa. Ukifika dirisha la dawa unarudishiwa karatasi ile ile: hii hatuna, kanunue nje. Nje ni duka la dawa muhimu pale sokoni, na pale kadi ya mkulima haipokelewi. Mama yalimkuta hayo mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya tatu hakupita zahanati, alikwenda dukani moja kwa moja. Wakati wa kulipia mwaka mwingine ulipofika, shilingi 30,000 zikaishia kwenye mbegu. Hajafikisha miaka 60, kwa hiyo msamaha wa wazee haumhusu. Wajukuu anaowalea wamevuka miaka mitano, kwa hiyo na wa watoto umewapita.

Inaniuma zaidi kwa sababu hapa ni Igunga. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa katika wilaya hii mwaka 1996, kabla ya wilaya nyingine yoyote nchini. Nchi ilikuwa inatoka kwenye zama za matibabu ya bure katika vituo vya serikali, na tangu 1993 wagonjwa walikuwa wameanza kuchangia hospitalini. Wazo la mfuko lilikuwa jema: kaya ilipe mara moja kwa mwaka, wakati mavuno yamo ndani, kisha itibiwe mwaka mzima. Kwa kila shilingi ya mwanakijiji, Serikali iongeze nyingine. Wakaita tele kwa tele. Sheria ya mfuko ikapita 2001. Mwaka 2018 ukaboreshwa: kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikaruhusiwa kupanda kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Karibu miaka 30 ya sera, na kwenye sanduku la mama iko kadi iliyokufa. Mjomba wangu hupeleka mchele Rwanda, nikaomba nafasi kwenye lori lake nikaone majirani wanafanyaje. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika maswali matatu ya kuuliza kila nitakapofika. Unalipa lini? Nani anakukumbusha? Ukifika dirishani, dawa ipo?

Barabarani: Nzega, Isaka, Kahama, Nyakanazi

Dereva wetu ana watoto watatu na miaka kumi na tisa ya usukani. Tulipopita Isaka, makontena yakiwa yamepangwa kando ya reli, nilimuuliza kama ana bima ya afya. Akanionyesha kioo cha mbele, kilipobandikwa kibandiko cha bima, kisha akafungua kidroo na kutoa kadi ya njano ya COMESA, ile ya magari yanayovuka mipaka. "Lori hili lina bima mbili," alisema. "Mimi sina hata moja."

Nikamuuliza sababu. Akasema bima ya lori inaulizwa na askari kila kizuizi, lakini ya kwake hakuna anayeiuliza mpaka awe amelazwa.

Jibu hilo lina uzito kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Bima ni mchango wa wazima kwa ajili ya wagonjwa. Kila mtu akiachiwa achague siku ya kujiunga, atajiunga siku anayoumwa, na mfuko utabaki na wagonjwa watupu. Tumeliona hilo wenyewe. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, kwa maelezo kwamba wengi walioletwa walikuwa tayari wanaumwa. Mzazi hakutenda kosa, alifanya hesabu ya mtu mwenye pesa kidogo. Mfuko nao usingeweza kuishi kwa hesabu hiyo.

Ndiyo maana muswada wa Bima ya Afya kwa Wote wa mwaka 2022 ulitaka kadi ya bima iwe sharti la kupata huduma kadhaa za serikali, leseni ya udereva ikiwemo. Dereva anaukumbuka vizuri. Watu walipinga, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Hata leo naona tulikuwa na haki, kwani kumlazimisha mtu kununua kitu ambacho huna uhakika wa kumpa ni kumtoza mara mbili. Lakini nilipomsikiliza mtu huyu mzima wa afya, anayelala chini ya lori lake miezi kumi ya mwaka, nilielewa kwamba hiari peke yake haitatufikisha.

Rusumo

Mto Kagera unaanguka hapa mpakani kwa kishindo, na chini ya maporomoko kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Daraja jipya lilijengwa kwa msaada wa Japani. Wenyeji wa Ngara wenye umri wangu hawawezi kulitazama eneo hili bila kukumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walipovuka ndani ya siku moja na kambi ya Benako ikawa mji kabla ya juma kwisha.

Ukivuka kuingia Rwanda, lori linahama upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia, na saa inarudi nyuma: ya kwetu saa tano, ya kwao saa nne. Dereva alipunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili, akasema hapa ajali ni ya mtu anayeendesha kwa mazoea. Niliyaandika maneno hayo, kwa sababu hata anayelinganisha nchi na nchi anaweza kupata ajali ya namna hiyo.

Kayonza, siku nne kabla ya Julai

Mwenyeji wangu ni mnunuzi wa mchele wa mjomba. Mkewe alikulia Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha nyumbani kabisa. Yeye ndiye mweka hazina wa ikimina cha mtaa wao, chama kidogo cha kuweka akiba, na akiba hiyo ina kazi moja: kulipia mituweli, bima ya afya ya jamii.

Nilimkuta mkekani barazani, daftari limefunguliwa, mistari imepigwa kwa rula. Kila kaya ina ukurasa. Wengi hapa hulipa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Kaya ya watu watano basi ni 15,000, na pesa hiyo kwa mkupuo mmoja si mchezo kwa mkulima wa maharage na ndizi. Kwa hiyo wanaitoa kidogo kidogo, juma hadi juma, kuanzia mavuno. Mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai, na chama huhakikisha kwamba Juni ikiisha kila ukurasa umejaa. Siku ile zilibaki kaya tatu. Aliweka kidole kwenye ukurasa mmoja, akaniambia, "Huyu mumewe yuko Kigali kwenye ujenzi. Kesho asubuhi nampigia. Asipopokea, nakwenda kwa mama mkwe wake."

Maswali yangu, la kwanza na la pili, yakajibiwa hapo kwenye mkeka. Unalipa kidogo kidogo tangu mavuno, na anayekukumbusha ni jirani anayemjua hadi mama mkwe wako.

Mituweli nayo ilianza kwa majaribio, mwaka 1999, katika wilaya tatu, miaka mitatu baada ya Igunga. Hadi hapo tulikuwa tumewatangulia. Njia zikaachana baadaye. Sheria yao ya mwisho wa 2007 iliifanya kuwa lazima, si kwa kaya iliyochagua kuingia tu, bali kwa kila mkazi. Mwaka 2011 michango ikapangwa kwa ngazi kufuata ubudehe, utaratibu wa vijiji kupanga kaya kwa uwezo wake: maskini kabisa walilipiwa, wa katikati walitoa 3,000, wenye nacho 7,000. Viongozi wa wilaya walikuwa na imihigo, mikataba ya utendaji inayosainiwa tangu 2006, na idadi ya walio kwenye bima ikawa mojawapo ya mambo wanayopimwa nayo. Na kila umudugudu, yaani kijiji, una wahudumu wa afya ya jamii waliochaguliwa na majirani zao.

Asubuhi yake nilimsindikiza jirani yao aliyekuwa na mtoto mwenye homa. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alionyesha namba ya kitambulisho, akalipa faranga 200, mtoto akapimwa, akapewa dawa. Nilisimama nyuma yake dirishani nikahesabu wagonjwa kumi na mmoja. Wawili waliondoka na karatasi. Tisa waliondoka na dawa.

Sitasema Rwanda wamemaliza kazi. Mfuko uliwahi kulimbikiza madeni kwa hospitali, na hilo ni mojawapo ya sababu za usimamizi wake kuhamishiwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii mwaka 2015. Mwenyeji wangu alikiri pia kwamba shinikizo la imihigo lina upande wake mbaya: kiongozi wa chini anayetaka kufikisha idadi anaweza kumbana asiye nacho. Ngazi za ubudehe nazo zilizaa manung'uniko, kila mmoja akijiona amepandishwa kupita uwezo wake.

Halafu kuna jiografia. Rwanda nzima ni kilomita za mraba 26,000 hivi. Tanzania inaimeza mara 36. Pale Kayonza niliona paa la kituo cha afya kutoka barazani. Kwetu kuna mama anayetembea tangu alfajiri hajaona paa lolote. Anayesema "tuige Rwanda" na kuishia hapo anaendesha kwa mazoea kwenye barabara ngeni. Hata hivyo, daftari lililopigwa mistari kwa rula halihitaji nchi ndogo. Igunga wana vyama vya kuweka na kukopa, wana AMCOS, vyama vya ushirika vya pamba, wana akina mama wa kufa na kuzikana ambao hawajawahi kumsahau mtu. Kazi tuliyokuwa nayo miaka hii 30 ilikuwa kuwapa daftari.

Kigongo–Busisi

Nilirudi kupitia Nyakanazi na Geita hadi ziwani. Safari zote za utoto wangu ziliishia hapa kwenye foleni ya kivuko, saa mbili, wakati mwingine tatu, na wagonjwa wa rufaa wa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, wakiwa ndani ya magari juani. Sasa kuna daraja la kilomita tatu, lililofunguliwa Juni hii hii. Tulivuka kwa dakika chache na ndani ya basi watu walipiga makofi. Mimi nilitokwa na machozi.

Nimelitaja daraja hili makusudi. Tunapokata tamaa na sera, huwa tunasema nchi yetu haiwezi. Inaweza. Zege linaonekana, lina siku ya kufunguliwa na lina mtu wa kuulizwa likichelewa. Dawa ya presha kwenye rafu ya zahanati haikatiwi utepe, na ikikosekana hakuna foleni inayoonekana barabarani. Kila mgonjwa hurudi nyumbani peke yake na karatasi yake.

Kisumu, wiki ya pili ya Julai

Kupitia Sirari na Kisii nikafika Kisumu, kwa rafiki yangu anayeishi karibu na ufuo wa Dunga. Mji huu nao ni Igunga ya aina yake. Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindulia hapa majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Ada zikaondolewa katika hospitali za umma za kaunti hizo, na foleni zikajaa watu waliokuwa wameficha magonjwa yao majumbani. Majaribio yalipokwisha, ada zikarudi.

Oktoba 2024 Kenya iliingia mpango mpya. NHIF, mfuko wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu 1966, ukazikwa, ikaja SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hujiandikisha, hata kwa simu kupitia *147#, kisha hujibu maswali juu ya nyumba yake na mali zake ili ipimwe atoe kiasi gani. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, lakini huyu asiye na mshahara anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja.

Nilikaa na mama mmoja muuza omena, dagaa wetu wa ziwani, mbele ya meza yake tupu. Meza ilikuwa tupu kwa sababu uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Alisema, "Kaka, mimi pesa naiona kwa siku. Leo mia tatu, kesho hakuna. Hii ya mwaka mzima naitoa wapi, na ziwa limefungwa?"

Alikuwa amejiandikisha tangu mwanzo. Namba anayo kwenye simu. Hajalipa. Serikali yao imeliona tatizo na mwaka huu imeleta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kumwezesha mtu wa kipato cha siku kulipa ya mwaka kisha arejeshe kidogo kidogo. Ni hatua nzuri. Nilipomuuliza kama ameshaitumia, alisema ameisikia redioni, hajapata wa kumwelekeza. Chama chake cha akina mama hukutana kila Alhamisi, hatua mia kutoka mahali tulipokaa, na kina mweka hazina na kitabu.

Dawa ipo? Alifikiri kidogo. "Kuna siku ipo, kuna siku unatumwa kemisti." Kemisti ni duka la dawa. Karatasi ile ile ya mama yangu, upande wa pili wa ziwa. Tena Kenya ina ugumu ambao sisi hatuna: tangu 2013 vituo vya afya viko chini ya kaunti, na bima iko mikononi mwa serikali ya taifa. Rafu ikiwa tupu, kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole, na mama wa omena hana muda wa kujua nani mkweli.

Nililinganisha majibu usiku ule. Kayonza unalipa tangu mavuno, anakukumbusha jirani, na dawa mara nyingi ipo. Kisumu unatakiwa kulipa kwa mkupuo, inakukumbusha simu, na dawa kuna siku. Igunga unalipa siku afisa mwandikishaji akipita, hakuna anayekukumbusha, na dawa, karatasi. Sheria za nchi zote tatu zinasema jambo lile lile, tena kwa lugha nzuri. Tofauti imo katika vitu viwili vidogo visivyoandikwa kwenye sheria: anayebisha hodi, na kinachokutwa dirishani. Kimoja kikikosekana hakuna hamasa ya mkutano wa hadhara itakayokifidia. Na kinachokutwa dirishani ndicho kikubwa zaidi, kwa sababu ahadi ni deni, na aliyedanganywa mwaka huu hakopeshi imani yake mwakani.

Igunga, mwisho wa Julai

Nilirudi nikamkuta mama anapepeta mchele. Nilimsimulia yote kwa mpangilio, mkeka wa Kayonza, meza tupu ya Kisumu, daraja. Nilimweleza pia ninayotamani wenye mamlaka wayafanye kabla hawajampelekea kadi mpya ya Bima ya Afya kwa Wote. Mchango upokelewe kidogo kidogo kuanzia msimu wa pamba, kupitia vyama ambavyo akina mama tayari wanaviamini. Orodha ya dawa zilizopo na zilizokosekana ibandikwe kila Jumatatu kwenye mlango wa zahanati. Na dawa ikikosekana, kadi ya mkulima ikubaliwe kwenye duka la dawa lililosajiliwa, kama ambavyo kadi ya mtumishi wa umma hukubaliwa kwenye baadhi ya maduka hayo. Karatasi ile ikilipiwa, itaacha kuwa tusi.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Yule mwenye daftari, akikuta dawa hakuna, anampigia nani?"

Nikasema anampigia mkuu wa kituo, na kiongozi wa kijiji anayepimwa kwa kazi hiyo.

"Na mimi nimpigie nani?"

Sikuwa na jibu, na nimeandika juu ya sera za afya kwa miaka mingi. Kesho yake tulikwenda wote wawili zahanati. Kila kituo chetu kina kamati yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Utaratibu huo upo kisheria, na kazi zake ni pamoja na kufuatilia dawa. Mama hakuwahi kuambiwa. Muuguzi, binti mdogo mwenye kazi za watu watatu, alitupa namba ya mwenyekiti wa kamati bila kusita, akasema, "Mama, mpigie. Sisi tukiomba dawa peke yetu hatusikiki sana."

Tulipofika nyumbani mama alivuta sanduku lake la bati, akatoa kadi iliyokufa, akaniomba kalamu. Namba ile ameiandika nyuma yake. Pembeni ya sanduku kuna gunia moja la mchele alilolitenga. Anasema hataliuza mpaka Jumatatu, apite kwanza zahanati aangalie dirishani.